Namba Chini ya Sanduku

Mimi hasira zangu ziko karibu. Mume wangu husema zimewekwa mlangoni kama ndara: nikitoka tu, nimeshazivaa. Nalisema mapema ili nisije nikajipamba mbele ya safari, maana jambo ninalolisimulia hapa lilinikuta nimezivaa kushoto na kulia, na nikatembea nazo hadi mbele ya watu.

Nafundisha kompyuta katika shule ya kutwa, si mbali na Kapkatet. Tuna kompyuta kumi na mbili zinazowaka, na nyingine nane ambazo kazi yake ni kupokea vumbi ili zile kumi na mbili zisichafuke. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tatu nawafungulia lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, la kuandikia amri kwa mkono, na kuwaandikisha maneno haya: netsh wlan show interfaces. Wakibonyeza, mistari inashuka. Mashine inataja jina la mtandao ilioushika sasa hivi, chaneli, kasi, nguvu ya mawimbi kwa asilimia, na namba moja ndefu ya tarakimu na herufi inayoitwa BSSID.

"Jina la mtandao ni kama jina la mtu," huwaambia. "Wanaoitwa hivyo wanaweza kuwa kumi. Hii namba ndefu ndiyo kitambulisho. Ni ya sanduku moja tu."

Wao wanaandika, mimi napanguza chaki. Nimeyasema maneno hayo miaka tisa mfululizo, na katika miaka hiyo yote sikuwahi hata siku moja kuiandika amri hiyo nyumbani kwangu. Nyani haoni kundule.

Mtandao ulipofika kwenye kilima chetu, nyumba ya kwanza kuunganishwa ilikuwa yangu. Fundi, mtu mzima mwenye masharubu ambaye huimba besi kwenye kwaya ya kanisa, alipanda juu ya paa, akavuta waya hadi sebuleni, akaweka kisanduku cheupe chenye taa nne juu ya kabati. Akaniuliza tuuite nini. Nikasema uite Kilima. Nikachagua na neno la siri. Alipoondoka nilikifunika kile kisanduku kwa kitambaa nilichoshona mwenyewe, cheupe chenye maua ya zambarau, kama nilivyofunika redio, televisheni na migongo ya viti. Kwetu kitu kisichofunikwa kitambaa ni kama hakina mwenyewe.

Jirani yangu wa upande wa chini ni mama mmoja aliyetoka magharibi, kando ya ziwa. Alikuja huku akiwa msichana kuchuna majani ya chai kwenye shamba kubwa la kampuni, akaolewa, akafiwa, akastaafu, na kwa akiba yake akanunua kipande cha ardhi kinachopakana na chetu. Watoto wangu wanamwita Dani, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, na mimi pia nikazoea kumwita hivyo. Mwaka ule mbaya ambao watu walifukuzana, nyumba yake ilichomwa. Alikaa kwa ndugu zake kwa muda, kisha akarudi akajenga upya palepale, jiko upande uleule. Wakati huo nilikuwa bado sijaolewa hapa. Niliambiwa tu, na sikuuliza zaidi.

Tuligombana kwa sababu ya miti. Dani alikuwa na blugamu saba kwenye mpaka, ndefu, zilizosimama katikati ya nyumba yake na yetu. Mume wangu alisema zinakunywa maji ya chai yetu, na kweli mistari miwili ya chai iliyo karibu nazo ilikuwa imedumaa, majani yamegeuka manjano. Nikaenda kumwambia azikate. Akasema hiyo miti ndiyo mbao za nyumba ya mwanawe, ikikomaa itakatwa. Nikasema sasa. Akasema ikikomaa. Nikarudi nyumbani, na kwa mwaka mzima sikumsalimu. Tukikutana njiani nilikuwa nageuza uso na kuangalia mawingu kana kwamba nasubiri mvua.

Mvua yenyewe ilikuja. Huku kwetu mawe ya barafu yanaweza kuanguka alasiri moja tu na kuacha shamba zima la chai limechanika, na siku ile yalianguka pamoja na radi iliyofanya taa za nyumba zizime na kuwaka mara tatu. Tangu hapo mtandao wa sebuleni ukawa wa kubembelezwa. Simu ya mume wangu ilikuwa inashika kidogo, inaachia. Katika chumba cha nyuma, ambako nasahihisha kazi za wanafunzi na kupakia alama zao, kompyuta yangu ilifanya kazi bila shida. Kwa hiyo mimi sikulalamika. Aliyelalamika ni yeye, na nilimwambia simu yake imezeeka.

Ikapita miezi minne hivyo, hadi siku ile ya kituo.

Siku za kuchuna, kila mwenye chai hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia na kupanga foleni na magunia yake. Siku hiyo Dani alikuwa mbele yangu. Majani yake yalipokwisha kupimwa alimpa karani simu amtafutie ujumbe fulani, na karani, akigusa huku na kule, akafungua ukurasa wa mitandao. Mimi nilikuwa nyuma ya bega la Dani, na shingo yangu ni ndefu. Nikaona kwa macho yangu: Kilima. Imehifadhiwa.

Damu ilinipanda. Kilima ni jina nililolichagua mimi, kwa kinywa changu, sebuleni kwangu. Ndiyo maana simu ya mume wangu haishiki, nikajiambia. Huyu mama anatunyonya mtandao kama miti yake inavyotunyonya maji. Mbele ya foleni nzima nikasema kwa sauti, "Kumbe mwizi wa network tunaishi naye!"

Dani aligeuka. "Unaongea na mimi, Mwalimu?"

"Naongea na mwenye masikio."

Alichukua simu yake, akakunja gunia lake tupu, akaenda zake.

Nyuma yangu mtu mmoja akacheka. "Hawa watu nao," akasema, "walirudi tu juzi na wameanza tena." Mwingine akaitikia kwamba ni kweli, wamezoea. Nilisikia vizuri kabisa, na nilijua "hawa watu" ni nani. Ningeweza kugeuka niseme kwamba mimi sikumaanisha hivyo. Sikugeuka. Nilifurahi kuwa na watu upande wangu.

Jioni nilikwenda kwa mzee wa kijiji kumshtaki Dani. Alinisikiliza, akasema tutakutana Jumamosi asubuhi kwangu, Dani naye aitwe, na mwenye ushahidi aulete. Ushahidi! Nilicheka kimoyomoyo. Nani kwenye kilima kizima alikuwa na ushahidi kama mimi? Nilipanga kuwaonyesha hatua kwa hatua, kama darasani, jinsi sanduku langu lilivyo na namba yake, kisha nimtake Dani atoe simu yake tuone imeshika namba ipi.

Kati ya siku ile na Jumamosi niliyasikia maneno yakikua kituoni. Wa kwanza alisema Dani ameiba mtandao. Wa pili akasema ameingia ndani ya simu za watu. Ijumaa mwanamke mmoja aliniuliza kama ni kweli anasoma meseji zetu, na kama wakati haujafika wa kumwambia arudi kwao. Mimi, mwalimu mwenye cheti ukutani, nilimjibu kwamba tungojee Jumamosi.

Walikuja wanne: mzee wa kijiji na fimbo yake, majirani wawili wa upande wa juu, na Dani, aliyevaa gauni lake la kanisani. Mume wangu aliwapanga kwenye viti. Nilipika chai nikampa kila mtu kikombe mkononi. Cha Dani nilikiweka mezani. Nataka hilo nalo lijulikane.

Mzee akaomba, kisha akasema, "Haya, Mwalimu. Tuonyeshe."

Chumba cha nyuma ni kidogo, tukajibana sisi na majirani, Dani akabaki sebuleni na chai yake. Kompyuta ilikuwa mezani, mbele ya dirisha linalotazama zile blugamu. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri. Mzee akainama, akasema, "Mbona hakuna bicha?"

"Hapa hakuna picha, Mzee. Hapa ni ukweli mtupu."

Niliyasema maneno hayo. Nikaandika amri, nikabonyeza.

Mistari ikashuka. Jina la mtandao, Kilima. Imeunganishwa. Nguvu ya mawimbi, asilimia sitini na moja. Hiyo sitini na moja ilinishangaza kidogo, kwa sababu kutoka kabatini hadi pale mezani ni ukuta mmoja tu wa mbao. Lakini darasa lilikuwa linangoja.

"Hii ndiyo namba ya sanduku langu," nikasema. "Inaishia na 7e. Na kila sanduku lina karatasi ya namba yake imebandikwa chini. Mzee, twende ujionee."

Tukarudi sebuleni. Nikapanda juu ya kiti, nikaondoa kitambaa, nikakishusha kisanduku na kumgeuzia mzee upande wa chini. Akavaa miwani, akafuata kwa kidole.

"Ngoja nisome bole bole," akasema. "Inaisha na c4."

"Soma tena, Mzee."

"C4. Hata wewe soma."

Nikasoma. Mwanzo wa namba ulifanana, kwa sababu fundi hununua masanduku ya aina moja. Mwisho wake haukufanana hata herufi. Nilirudi chumbani karibu nikimbie, nikaandika amri upya, nikakosea mara mbili. 7e. Nikarudi sebuleni. C4. Ndipo nilipokigeuza kile kisanduku na kukitazama usoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipokivisha kitambaa. Taa ya umeme ilikuwa inawaka. Ile ya mawimbi ilikuwa imekufa, na kando yake plastiki ilikuwa na doa la kahawia la kuungua. Ilikuwa ile radi. Miezi minne sanduku langu lilikuwa maiti, na mimi nililifunika maua ya zambarau.

Nilisimama nalo mkononi. Kama langu limekufa, basi kompyuta yangu iko kwa nani?

Dani hakuwa ameinuka kitini muda wote huo. "Mwalimu," akasema kwa upole, "hiyo ya 7e iko kwangu."

Mzee akatoa simu, akampigia fundi, akaweka spika. Fundi alikuwa Chepilat juu ya paa la mtu, tukasikia upepo. Mzee akamuuliza ni nani mwingine kwenye kilima ana mtandao unaoitwa Kilima.

"Si ni wote!" fundi akacheka. "Nilikopi ile ya Mwalimu nikaweka kila nyumba, jina moja, password moja. Wazee wetu wanatembeleana kila siku, na kila mahali wakifika wananipigia simu niwawekee password. Nikasema wacha kilima yote ikuwe kitu moja, mtu akienda kwa mwenzake simu inashika yenyewe. Ama kuna shida?"

"Hakuna shida," mzee akasema, akakata.

Jina moja likitoka kwenye masanduku mengi, kompyuta huonyesha jina mara moja tu, na hushika sanduku inalolisikia vizuri zaidi. Hilo nalo nalifundisha. Liko kwenye ukurasa unaofuata wa kitabu.

"Mimi nilijua," Dani akaendelea. "Baada ya ile radi fundi alikuja kuangalia yangu. Akaniambia, kuna kompyuta moja inashinda kwako kila siku, nitoe? Nikamuuliza ni ya nani, akaona jina yako. Nikamwambia wacha ikae, ni ya Mwalimu, anasahihisha kazi ya watoto."

"Kwa nini hukuniambia, Dani?" Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Ningekuambia wapi? Ulikuwa hunisalimii." Alisema bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Hata nilipoenda kwetu kuzika, zile wiki mbili, niliacha stima ikiwaka kwa hiyo sanduku. Nikasema isizime, mitihani iko karibu."

Nilizikumbuka wiki zile mbili. Niliona nyumba yake imefungwa, nikamwambia mume wangu kwamba angalau sasa tutapumua. Kisha niliingia chumba cha nyuma, nikapakia alama za darasa zima bila mtandao kukatika hata mara moja.

Nimewahi kupata mishtuko. Nilipigiwa simu ya kifo cha baba nikiwa katikati ya somo, na chaki ikaniponyoka. Lakini huo ulitoka nje ukanijia. Huu wa Jumamosi ulitoka kinywani mwangu na kwenye vidole vyangu mwenyewe, na hakuna mwingine wa kumnyooshea kidole. Nikakaa kwenye mkono wa kiti, sanduku mapajani. Mume wangu alikuwa anaangalia sakafu. Mwizi niliyemtangaza kituoni, mbele ya foleni nzima, alikuwa mimi, ila tu watu waligeukia nyumba ya jirani.

Nilimwomba Dani msamaha mbele ya wote. Nililia pia, na mimi si mtu wa kulia. Akaniambia, "Imeisha, nyathina," yaani mwanangu. Mzee akafunga kwa maombi. Dani akanywa chai yake iliyokuwa imeshapoa, akashukuru, akashika njia ya nyumbani kupitia pembeni mwa chai yetu. Niliamini kwamba imeisha kweli.

Siku ya kuchuna iliyofuata nikawaambia watu kituoni, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile niliyotumia mwanzo. Sanduku langu lilikufa, mtandao ni wake, aliyekuwa anatumia cha mwenzake ni mimi. Waliniitikia kwa heshima, kama wanavyomwitikia mwalimu. Kisha mmoja akanikonyeza, akasema, "Mwalimu uko na huruma sana." Yule mwanamke wa Ijumaa akauliza ni nani amenitisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilijua msemo huo tangu shule ya msingi, na hata siku moja sikuwahi kudhani kwamba mwenye kumwaga ningekuwa mimi.

Wiki haikuisha. Nilikuwa natoka shule nikasikia msumeno wa mashine nikiwa njia panda, na nilipofika mpakani blugamu tano zilikuwa zimelala chini na ya sita inainama. Dani alikuwa anaokota matawi na kuyapanga kando.

"Dani!" nikapiga kelele. "Lakini hazijakomaa!"

Aliniangalia, mimi niliyekuwa nimemnunia mwaka mzima kwa kutaka zikatwe. Sijui kama alitaka kucheka.

"Hazijakomaa," akakubali.

"Basi kwa nini? Tulimaliza. Mzee alisema imeisha, hata wewe ulisema."

"Mimi na wewe tulimaliza." Akainama akaokota tawi jingine. "Watu hawajamaliza. Juzi nimewasikia tena pale kituoni. Ile mwaka walinichomea nyumba, Mwalimu, haikuanza na moto. Ilianza na maneno. Mtu alisema ng'ombe yangu imekula mahindi yake. Sasa sitaki mtu akuwe na neno na mimi, hata neno ya miti. Afadhali miti iende, mimi nibaki."

Nikaweka mkoba wangu wa vitabu kwenye nyasi, nikaokota matawi pamoja naye. Mti wa saba ulipoanguka niliona, kwa mara ya kwanza tangu niolewe hapa, mlango wa nyumba yake kutoka shambani kwangu. Tulipanga matawi mpaka tukamaliza, naye akaniambia ahsante, na akanipa mzigo mmoja wa kuni niende nao.

Fundi alikuwa bado hajaniletea sanduku jipya. Alisema akimaliza Chepilat. Niliingia chumba cha nyuma mikono ikinuka blugamu, nikawasha kompyuta, nikaandika ile amri. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona kitu ambacho mdomo wangu haungeweza kukibadilisha.

Mistari ikashuka. Kilima. Inaishia na 7e. Nguvu ya mawimbi, asilimia tisini na sita. Kumbe ni ile miti iliyokuwa ikizuia. Na neno la siri alikuwa hajalibadilisha.

Nikaifunga kompyuta. Nilikaa nikitazama kile kifuniko chake cheusi, kisha nikaifungua tena, kwa sababu alama za kidato cha tatu zilikuwa bado hazijapakiwa.